Tairi la nyuma: wanabishana upana, wanasahau ukuta

Mwenye pikipiki kubwa ya safari kama Africa Twin au Ténéré 700 akisema anavua tairi la nyuma la 150/70-18 aweke 140/80-18, jibu analopewa Dodoma ni lile lile: tairi jembamba halishiki, tazama bodaboda zinavyoteleza. Jibu hilo limesoma namba ya kwanza tu, yaani upana kwa milimita.

Namba ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana; 18 ya mwisho ni inchi za rimu. Asilimia 70 ya milimita 150 ni 105; asilimia 80 ya 140 ni 112. Kwa hiyo tairi limepungua sentimita moja kwa upana, huku ukuta ukiongezeka milimita 7. Ukuta huo ndio unaomeza jiwe kabla halijagonga rimu, na njia za vijijini Kondoa hazina uhaba wa mawe. Masika nayo ina lake: udongo mweusi wa mbugani hujishindilia kati ya tairi na swingi, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Milimita 5 za ziada kila upande ni kidogo, ila tope hupita kwenye kidogo hicho hicho.

Kwenye mchanga wa makorongo, wanaotetea tairi pana husema linaelea juu ya mchanga bila kuzama. Ni kweli kiasi. Lakini ukishusha upepo hadi psi 22, tairi linalala na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Sentimita moja ya upana haifui dafu hapo. Tena 140/80-18 ni saizi ya pikipiki za enduro, zile za njia za porini, kwa hiyo matairi ya kashata kubwa (vile vibonge vya mpira vinavyokanyaga ardhi) yapo ya kuchagua.

Gharama yake iko kwenye kipenyo: milimita 667 zimekuwa 681, ongezeko la asilimia 2.1, na gia zote zinakuwa nzito kidogo. Sproketi za Ténéré, magurudumu ya meno yanayovuta cheni, zina meno 15 mbele na 46 nyuma. Ya nyuma ikiwa na meno 47 inarudisha hesabu karibu pale pale. Ila jino hilo moja linakula cheni. Ili cheni ipate ulegevu wake, gurudumu linasogezwa mbele, kuelekea kwenye swingi, na tairi lenyewe limeshakua milimita 7, bado hujahesabu kimo cha kashata. Umepata nafasi ubavuni, umeipoteza mbele. Zima injini, inua gurudumu, lizungushe kidogo kidogo, na kila ukisimama pitisha penseli mbele ya tairi na chini ya madigadi. Ikikwama popote, tafuta cheni ndefu kidogo kabla ya kutoka gereji.

Wapinzani wana hoja yenye uzito kwenye lami. Rimu ya Africa Twin ni inchi 4. Tairi la 140 likikaa humo kingo zake zinavutwa nje, mgongo unakuwa bapa, na kwenye kona pikipiki inalala ghafla badala ya taratibu. Soma jedwali la mtengenezaji wa tairi kama anaruhusu upana huo wa rimu. Kisha soma namba ya mzigo, inayoandikwa baada ya saizi: 70 ni kilo 335, 65 ni kilo 290 tu. Herufi M inayoifuata inamaanisha mwisho kilomita 130 kwa saa. Kwa anayebeba abiria na masanduku matatu kwenda Morogoro kila wiki, 150 ibaki.

Na hizo kilo 335 ni za upepo kamili. Aliyeshusha hadi 22 korongoni asipande lami bila kujaza, kwani ukuta mrefu ukikunjwa chini ya mzigo juani unachemka haraka. Pampu ndogo ikae kwenye begi.