Namba ya simu haijumlishwi

Jamani, nyinyi mnaotuma data kwa JSON, ule muundo wa kupitishia data kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, namba ya simu iwekeni ndani ya alama za kunukuu! Oda za wateja wa Likoni zinatufikia kutoka mfumo wa watu wengine, na kila mara 07 imegeuka 7. Sifuri imepotea. Dereva wa tuktuk yuko Mtongwe na mzigo, jua la utosi, anapiga simu haiingii, kisha lawama zinatuangukia sisi.

JSON ni maandishi matupu yenye kanuni chache mno. Kilicho ndani ya alama za kunukuu ni maandishi. Namba haina alama, na hairuhusiwi kuanza na sifuri kisha tarakimu nyingine. Mfumo ukishaichukulia simu kuwa namba, ile sifuri inatupwa kabla data haijaondoka kwenu. Nani anajumlisha namba za simu?

Halafu kuna wanaoandika JSON kwa mkono. Mkato baada ya kitu cha mwisho, alama ya kunukuu ya mkia mmoja (') badala ya ya mikia miwili ("). JavaScript, lugha ya programu ya vivinjari, itawavumilia, JSON haivumilii: mkato mmoja tu, faili zima linakataliwa. Na kanuni zenyewe si siri, zimo kwenye RFC 8259, waraka wa viwango vya intaneti wa 2017, kurasa chache tu.

JSON.parse, amri ya JavaScript inayosoma JSON na kukataa yenye kosa, imo kwenye kila kivinjari. Pitisheni data hapo kwanza, na zile simu zirekebisheni leo, maana oda za Ijumaa ndizo nyingi.