Ejekta ya maji kando ya ziwa: tatizo ni joto la maji

Mvuke ukipoa ndani ya kondensa, yaani chombo cha kupozea mvuke, hugeuka maji, lakini hewa inayopenya kwenye gasketi zilizochoka haigeuki. Hubaki imeganda kama utandu juu ya mabomba, na katika mvuke uliotulia hata asilimia 0.5 ya hewa inaweza kupunguza upitaji wa joto kwa nusu. Lazima itolewe, na kwa viwanda vya Mwanza vinavyotegemea ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) mjadala ni uleule: ejekta ya maji au pampu ya ombwe?

Wanaoitetea ejekta wana hoja nzito. Pampu ya kawaida husukuma maji kwenye nozeli nyembamba, maji hupata kasi, kanieneo hushuka, hewa hufyonzwa na kutoka pamoja na maji kupitia difyuza, yaani bomba linalopanuka. Ndani yake hakuna beringi wala kitu kinachozunguka, kwa hiyo fundi aliyezoea pampu za maji haagizi mtaalamu kutoka mbali.

Wanaoipinga huanza na bili ya umeme, nao hawakosei, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya maji hupotea katika kuchanganyika na hewa. Huongeza kwamba maji ya ziwa huja na mchanga unaokula nozeli, pamoja na mwani na vipande vya magugu maji vinavyoiziba. Hilo la pili naliona dogo, maana chujio zuri linalosafishwa kila zamu hulimaliza.

Kinachosahaulika na pande zote mbili ni joto. Ejekta haiwezi kushusha kanieneo chini ya ile ya mvuke wa maji yanayoiendesha: kwa nyuzi 25, ambazo ziko karibu na joto la uso wa ziwa, ni kilopaskali 3.2, na kwa nyuzi 40 ni 7.4. Kiwanda kinachozungusha maji yaleyale kwenye tangi lililo chini ya bati huanza asubuhi na ombwe zuri, na kufikia alasiri tangi halishikiki kwa mkono na mshale wa geji umerudi nyuma. Hapo watu hununua pampu kubwa zaidi, ambayo huzidi kuyapasha maji, wakati kilichohitajika ni kuyapoza au kuongeza maji mapya kwa kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Geji yenyewe, inayopima ombwe kwa kulilinganisha na hewa ya nje, nayo hudanganya. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ina kilopaskali 88 au 89 tu, hivyo hata ombwe kamili halizidi milimita 665 hivi za zebaki. Fundi anayetafuta 700 zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtambo atakaza boliti za uvujaji usiokuwepo.

Kwa kuchemshia maji ya miwa, ambako chungu cha mwisho huhitaji takriban kilopaskali 15, ningechagua ejekta bila kusita. Kwa kuondoa harufu ya mafuta ya pamba, kazi inayotaka chini ya kilopaskali 1, ejekta ya maji peke yake haifai. Hapo iwe hatua ya mwisho tu, nyuma ya ejekta za mvuke.