Kariakoo Si Soko Tu, Kuna Watu Wanalala Pale

Karani wa sensa anamhesabu mtu pale alipolala. Kama usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 ulilala Mbagala, wewe ni mtu wa Mbagala, hata kama fremu yako ya duka iko Mtaa wa Kongo na chakula chako cha mchana miaka yote unakula kwa mama lishe wa Mchikichi. Kwa hiyo ukifungua takwimu za Kata ya Kariakoo, Dar es Salaam, unapata kichekesho: mahali ambapo saa sita mchana huwezi kupitisha bega, kwenye makaratasi pana watu wachache kuliko kata nyingi za pembezoni ambazo wateja wa Kariakoo hawajui hata daladala ya kwenda huko inapandiwa wapi.

Sensa haina kosa, kazi yake ndiyo hiyo. Wenye kosa ni sisi tunaosoma hesabu hiyo tukakubaliana kimyakimya kwamba Kariakoo ni soko, na kwamba wanaolala pale ni mabaki yanayosubiri kuhama. Mimi nasema mtaa ule ulianza kwa vyumba vya kulala, duka likaja baadaye, na kila uamuzi unaopitishwa leo kana kwamba hapana mkazi unatugharimu.

Wajerumani waliuchora kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lilikuwa shamba la minazi la mlowezi aliyeitwa Schoeller, serikali ikalinunua ili Waafrika wakae huko, mbali na bandari na mbali na nyumba za mawe. Mji uligawanywa kwa sheria ya ujenzi: huku Uzunguni, hapa Uhindini, kule Waafrika wajenge kwa miti na udongo. Waingereza walipofika Septemba 1916 hawakuubadilisha mpango huo, waliumalizia. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, ambapo leo tunapigia picha za sherehe za kitaifa, kiliachwa wazi makusudi ili kuwatenga wa huku na wa kule, na kisingizio kilikuwa afya.

Katikati ya hayo ikaja kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, na kutokana nalo jina la Kariakoo likabaki. Ukitembea pale leo na ukawa na muda wa kusoma vibao, utakutana na Mtaa wa Mahiwa na Mtaa wa Narung'ombe. Hayo ni majina ya mapigano ya 1917 huko kusini, ambako wapagazi walibeba risasi na unga kichwani wakafa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa kuhara na njaa, bila kupigwa hata risasi moja. Askari ana sanamu yake ya shaba pale Posta tangu 1927, bunduki mkononi. Mpagazi kaachiwa mtaa ambako watu wanakwenda kununua kava za simu. Sijui kama ni heshima au dharau, lakini angalau jina lake linatajwa kila siku na makondakta.

Baada ya vita viwanja viligawiwa na nyumba zikasimama, na hapa ndipo ningependa wachora ramani wa leo wangekaa kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma kwa jiko, choo na kisima au bomba. Kuta za udongo, paa la makuti au madebe, baadaye bati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Aliyetoka Ruvu au Kilwa akafika bila kazi alianzia chumba kimoja kwa mtu wa kwao. Wenye nyumba wengine walikuwa wanawake, wajane na wapishi wa maandazi waliojibana wakanunua kiwanja, na kodi ya vyumba vinne ikasomesha watoto. Hakuna benki iliyowakopesha.

Ndani ya nyumba hizo alikuwamo nani? Wazaramo ndio wengi, na Wandengereko na Warufiji jirani zao. Waluguru walileta mboga na matunda. Walikuwapo Wayao, Wangoni, Wamakonde, Wanyamwezi ambao babu zao walizoea njia ya misafara. Walikuwapo Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na msikiti wao unaitwa kwa jina lao hadi leo. Walikuwapo Wangazija, Wasomali, na Washihiri kutoka Hadhramaut wenye duka la pembeni lenye mafuta ya taa, sukari ya kupima na daftari la madeni. Walikuwapo wajukuu wa askari ambao Wajerumani waliwachukua Sudani na Msumbiji. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association, chama kilichoitangulia TANU, mwaka 1929, alikuwa mtoto wa askari wa aina hiyo: Mzulu kwa asili ya baba, mzaliwa wa Pangani, mtu wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Sasa huyu ni mgeni au mwenyeji? Ukimjibu huyo, umejibu nusu ya ubishi wa Kariakoo wa miaka mia.

Mchanganyiko huo ndio uliozaa siasa. Mtoto wa Kleist, Abdulwahid, alifanya kazi ya kusimamia soko la Kariakoo, na nyumbani kwake ndiko Nyerere alikofikia alipoacha ualimu mwaka 1955. TANU yenyewe ilizaliwa Julai 7, 1954 Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, hatua chache kutoka kwenye vyumba hivyo vya kupanga. Bibi Titi Mohamed aliwajua wanawake wa mji kupitia vikundi vya ngoma na lelemama kabla hajawahutubia kama mwanasiasa. Sunderland, yaani Simba, na Yanga zilikua humohumo miaka ya 1930, moja ikachukua Msimbazi na nyingine Jangwani, na ugomvi wao wa barazani umeishi kuliko baraza zenyewe. Mambo haya yalihitaji watu wanaoonana jioni baada ya kazi, wakakaa nje kwenye mkeka kwa sababu ndani kuna joto. Mtaa unaofungwa saa kumi na mbili kwa mageti ya chuma usingeyaweza.

Mji wakati huo ulikuwa mdogo. Sensa ya 1957 iliikuta Dar es Salaam yote ina watu 128,742. Mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na 5,383,728. Mtu akisema Kariakoo imebadilika, kwanza aionee huruma kidogo, maana viwanja vyake ni vilevile vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba za vyumba sita.

Soko kubwa tunalolikumbuka, lile la miavuli ya zege, lilifunguliwa mwaka 1975. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu wa majengo Mtanzania, na paa lake lilikinga maji ya mvua na kuleta hewa bila mashine. Kwangu mimi ni jengo bora kuliko yote yaliyojengwa mjini tangu uhuru, na moto wa Julai 10, 2021 uliniuma kama msiba wa jirani. Lakini tazama jambo moja: Amuli alijenga soko la chakula. Nyanya, samaki, mbegu, viungo, vitu ambavyo mkazi anavihitaji akiwa na kikapu mkononi. Maduka ya jumla ya nguo na simu yalikuja baadaye na yakaja kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilifunguliwa miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa, mitumba ikaruhusiwa na enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi ikaingia. Ukumbi wa nyumba ukawa duka. Baraza likazungushiwa nondo likawa fremu. Chumba cha mbele kikawa stoo, na mpangaji wa chumba akaambiwa atafute kwingine kwa sababu mzigo wa vitenge unalipa kodi ya mwaka kwa mkupuo na hauombi maji ya kuoga. Wakinga kutoka Makete, Wachaga, Wapemba, kila kundi likaja na mtindo wake wa kukopeshana na kuaminiana. Siwalaumu hata kidogo. Walifanya alichofanya Mshihiri miaka hamsini kabla yao.

Kilichoua makazi ni mirathi, na hili halisemwi sana kwa sababu linagusa ndani ya familia. Babu aliacha nyumba moja. Watoto wake walikuwa wanane, wajukuu ni thelathini, na haki inashuka kwao kadiri wazazi wao wanavyofariki. Vyumba sita havigawanyiki kwa watu thelathini. Anakuja dalali, nyuma yake tajiri mwenye kiwanda cha nondo mfukoni, anasema: niachieni kiwanja, nitapandisha ghorofa nane, ninyi mtapata fremu kadhaa za chini na fedha ya kuanzia maisha. Wajukuu waliozaliwa Tandika wanasema sawa, wao Kariakoo wanaijua kwa hadithi. Anayekataa ni shangazi mmoja mzee anayelala chumba cha uani, na kura yake ni moja. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama iliondoka hivyohivyo. Leo pale panauzwa begi za shule, na shangazi alihamia Chanika, ambako kwenda kuzika mtu wa Gerezani kunakula siku nzima.

Ninachotaka kusema si kwamba warithi walirogwa. Bei ile ilikuwa nzuri na wengine wamejenga kwayo. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewawekea njia ya tatu. Kibali cha ghorofa kilipotolewa, hakuna aliyeuliza sakafu ngapi zitakuwa za kuishi, na mabomba ya maji taka yaliyowekwa kwa ajili ya mtaa wa nyumba za chini yakatwishwa ghorofa kumi. Jengo lilipoanguka Mchikichi na Kongo mnamo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, iliagizwa majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe. Ni vyema. Lakini katika mtaa wenye wakazi, mama wa chumba cha pili ndiye angekuwa wa kwanza kusema ukuta una ufa, kwa sababu watoto wake wanalala chini yake. Stoo ya viatu haina wa kulalamika.

Na sasa wageni. Mwaka 2011 wachuuzi wa Kichina walipewa siku 30 kuondoka sokoni. Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo rejareja, ufundi wa simu na uwakala wa fedha za simu. Kimsingi naikubali: kijana wa Kitanzania mwenye meza ya chaja hapaswi kushindana na mtu anayeleta kontena kutoka kiwandani kwa shemeji yake Guangzhou. Ila tusidanganyane. Mchina hakuvunja kufuli. Alipangishwa fremu, akatoa kilemba cha kuingilia, akalipa dola, na aliyepokea ni sisi, mara nyingi ni mmoja wa wajukuu thelathini wa yule babu. Tukishamtoa, kodi ya fremu itabaki palepale na kijana wa chaja ataendelea kutandika chini, akiangalia mgambo wanatokea upande gani.

Halafu kuna wageni ambao hatuwaiti wageni kwa sababu wananunua. Mteja kutoka Lubumbashi, kutoka Lusaka, Bujumbura, Moroni, anayelala nyumba ya wageni siku tatu huku mzigo wake ukifungwa kwa magunia. Kariakoo inaishi kwa hao. Naona raha kusikia Kiswahili cha Kongo kikigombana na cha Pemba juu ya bei ya kanga. Babu wa Kimanyema angekaa hapo akacheka na kusema sisi tulianza.

Mwanzoni mwa 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara saa 24. Hotuba zikataja taa, kamera na ulinzi. Nilisubiri mtu ataje wanaolala. Wapo: familia zilizoshikilia nyumba za bati katikati ya ghorofa kama meno yaliyobaki, wapangaji wa sakafu za juu, wanafunzi wa madrasa, wapagazi wa leo tunaowaita makuli ambao wanapanga watano chumba kimoja ili wawahi kushusha mzigo alfajiri. Wote hao watawashiwa taa na spika usiku kucha bila kuulizwa.

Rai yangu ni ndogo na inaweza kuingia kwenye masharti ya kibali hata mwaka huu. Kila ghorofa jipya Kariakoo liwe na sakafu mbili za kuishi, na warithi wa kiwanja wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kupanga au kununua humo kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa ubia kabla nyumba ya zamani haijaguswa. Mkataba huo usomwe mbele ya serikali ya mtaa, warithi wote wakiwapo, na shangazi wa chumba cha uani awe wa kwanza kutia sahihi. Tajiri atalalamika kwamba sakafu ya kulala hailipi kama stoo. Ni kweli, hailipi hivyo, na faida ya sakafu zake sita nyingine itamtosha.