Michopo ni Yangu, Maji ni Yenu

Msimu wa mvua ukikaribia hapa Lubumbashi, Kongo, wakaguzi huzikumbuka barabara. Mbabula, yaani majiko ya mkaa, zinapinduliwa makaa yakiwa bado mekundu, mabeseni yanapakiwa garini, na akina mama waliokuwa wakiuza mikate, yale maandazi yetu ya kukaanga, tangu alfajiri wanatawanyika vichochoroni. Sababu inayotolewa ni usafi. Kipindupindu kiko njiani, tunaambiwa, na chakula cha barabarani ndicho kinachokifungulia mlango. Muda si mrefu akina mama hurudi pale pale, safari hii wakiwa na deni, na robine, bomba la maji lililo hatua chache kutoka kwao, ni kavu vilevile.

Sikubaliani na operesheni hizi. Lakini sikubaliani pia na jibu ambalo wenzangu wengi hulitoa wakiwa na karatasi ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, mkononi: tumbo ni langu, nitakula ninachotaka, serikali inatafuta nini humu? Tumbo ni lako, sawa. Ila kipindupindu hakina adabu ya kubaki tumboni mwako. Kinatoka, kinaingia kisimani kwa jirani, na jirani huyo pengine hajawahi hata kuonja kile ulichokula. Hoja ya uhuru ikiishia tumboni, inamsahau huyo jirani.

Mimi naona tuulize hivi. Ni hatari ipi ninayoweza kuiona na kuichagua kwa macho yangu, na ni ipi ambayo hata nikikodoa macho sitaiona? Ya kwanza niachiwe mwenyewe, mimi ni mtu mzima. Ya pili ndiyo kazi ya serikali, na ndiyo sababu mtu anakubali kulipa takse, yaani kodi. Hapa kwetu kazi hizo mbili zimebadilishana nafasi: ninachokiona vizuri kinakaguliwa kwa fujo, nisichoweza kukiona hakina mwenyewe.

Chukua michopo, kwa sababu ndiyo naijua kuliko vingine. Mbuzi ananing'inia mbele yako. Unaonyesha kipande kwa kidole, kinakatwa, kinapimwa, mnabishana kidogo kuhusu mifupa, kisha kinaingia motoni. Unasubiri, moshi unaingia kwenye shati, na katika kusubiri huko unaona kila kitu: nzi ni wengi au wachache, kisu kinafutiwa kitambaa gani, mkono uliopokea franka ndio ule ule unaogeuza nyama au kuna kijana mwingine wa pesa. Nyama inatoka inachuruzika mafuta, inamwagwa juu ya karatasi ya kaki, inawekewa chumvi, pilipili na kitunguu kibichi. Kuna migahawa mjini yenye vitambaa vya meza na bei ya dola ambako sijawahi kuona hata mlango wa jiko. Ukaguzi wa michopo naufanya mimi, kila nikila, na mwuzaji anajua kwamba nisiporidhika napita kwa mwenzake.

Sasa, hatari ya michopo iko wapi? Haiko motoni. Moto ule ukiiivisha nyama hadi ndani, vijidudu vingi vinakufa. Iko kwenye ubao uliokatiwa nyama mbichi kisha ukakatiwa iliyoiva. Iko kwenye kile kitunguu ambacho hakikupita motoni. Na iko kwenye maji yaliyosafisha ubao, kitunguu na mikono. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzikariri: kuwa msafi, tenganisha kibichi na kilichopikwa, pika kiive sawasawa, hifadhi chakula kwenye joto linalofaa, tumia maji na vyakula salama. Hakuna mahali zinaposema usiuzie chakula kando ya njia. Na ile ya kwanza na ya mwisho huwezi kuzitimiza bila maji.

Vyakula vingine vina hesabu yake. Mikate inatoka kwenye mafuta yanayochemka. Mafuta yakiwa meusi unayaona, na kama unataka kuyala hivyo hivyo ni shauri lako na moyo wako. Wali na maharage ya tangu usiku, yanayouzwa saa sita mchana yakiwa vuguvugu, hayo nayaogopa kweli, kwa sababu vijidudu hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na macho hayapimi joto. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ni swali la nani alichanganya nini baada ya kuchemsha: mahindi yamepikwa, mzizi umetiwa, halafu mtu anaongeza maji kutoka kwenye bido, yaani dumu, ili itoshe wateja wengi. Sashe za maji ndizo zinanishangaza zaidi. Zimefungwa, zinang'aa, zinaonekana za kisasa, hakuna anayezipiga teke, na mimi mnunuzi sina namna yoyote ya kujua kama kilichomo kimesafishwa au kimetoka kisimani nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo ningefurahi kumwona mkaguzi. Kipimo cha klorini si mashine ya ajabu: ni kichupa na kidonge, maji yenye klorini yanageuka rangi ya waridi, basi. Kinaingia mfukoni. Lakini mkaguzi ninayemfahamu mimi anakuja na mkono mtupu uliofunguliwa. Anauliza patanti, yaani leseni ya biashara ndogo. Anauliza cheti cha daktari. Anauliza tikiti ya soko ya leo. Siku moja nilimsikia mama mmoja wa mtaa wa Katuba akimjibu mkaguzi aliyemlaumu kwamba mikono yake ni michafu: "Shefu, mayi ya kunawa nitaitosha wapi?" Shefu alicheka, akaomba tena patanti.

Sisemi karatasi hazina maana. Cheti cha daktari ni wazo zuri ikiwa mtu amepimwa kweli. Kikinunuliwa bila hata sindano, nacho kinakuwa tikiti nyingine tu, na mgonjwa wa homa ya matumbo anaendelea kupakua sombe (kisamvu) akiwa na muhuri mfukoni.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalielewi wanaposhangaa kwa nini watu wa Lubumbashi wanawatazama watu wa usafi kwa jicho la pembeni. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na usafi ulikuwa chombo cha kutenga watu tangu siku zake za mwanzo. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika uliachwa ukanda mtupu, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ya kiafya: malaria, mbu, magonjwa ya wenyeji. Mchana mtu mweusi alivuka kwenda kufanya kazi, hata kumpikia Mzungu chakula chake, na hapo ugonjwa wake haukumtisha mtu. Usiku ndipo aligeuka hatari. Kanuni ikivaa koti jeupe la daktari huku lengo lake ni nani aonekane wapi, watu hawasahau, wanawasimulia wajukuu.

Kisha kuna posho. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines ya serikali, iliwalisha wafanyakazi wake: unga, samaki, mafuta, vyote vimepimwa. Wazee wanaikumbuka posho kwa hamu, na siwacheki, watoto wao walishiba. Lakini posho ilikuwa pia mtu mwingine kuamua nini kinaingia chunguni mwako. Kampuni ilipoanguka miaka ya 1990, posho ikaanguka nayo. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na pesa waliyopewa haikukaa muda mrefu. Aliyeshika nyumba ni mama. Alitoa mbabula mlangoni, akaanza na mikate, akaongeza buji (uji), akapeleka watoto shule. Wale tunaowaita uchafu wa barabara ndio waliolisha mji baada ya kampuni kushindwa. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na mafuta ya mikate, kwa hiyo msitegemee niwe mwamuzi asiye na upande.

Turudi kwenye visivyoonekana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga, eneo letu hili la migodi. Waliokuwa wakiishi karibu na migodi na viwanda vya madini walikutwa na kobalti kwa viwango vya kutisha, na watoto ndio walikuwa nayo nyingi zaidi. Vumbi linaanguka kwenye udongo, kwenye mboga, kwenye mikono ya watoto wanaocheza chini. Nani alilichagua? Lengalenga, ule mchicha wetu, likipita kwenye vumbi hilo halibadiliki ladha. Mama anayeliuza hajui, mimi ninayelinunua sijui, na hakuna gari linalopita kupindua chochote kwa sababu hiyo. Ukilinganisha ukali unaotumika kwa mwenye mbabula moja na upole unaotumika kwa mwenye tanuru, unapata picha kamili ya kile kinachoitwa afya ya umma mjini kwetu.

Sisi Wakongo tuna mzaha wa zamani kuhusu artikle (ibara) ya 15, ile ya kujitafutia kila mtu kwa njia zake. Mzaha huo umetuzoesha vibaya, tunadhani mwuzaji wa barabarani anaishi nje ya sheria na anavumiliwa kwa huruma tu. Fungueni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Artikle ya 35 inasema Serikali inahimiza biashara ndogo ya Wakongo. Artikle ya 47 inadhamini haki ya afya na ya uhakika wa chakula. Artikle ya 48 inadhamini haki ya kupata maji ya kunywa. Mkaguzi anayepindua mbabula kwa jina la ile ya 47 anaikanyaga ya 35 mguu mmoja, na mguu wa pili uko juu ya ile ya 48.

Kila nikisema haya, kuna rafiki ananitajia Singapore: angalia walivyosafisha mji wao. Nimeangalia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliwahesabu na kuwaandikisha wauzaji wao wa barabarani. Kisha wakaanza kujenga vituo vyenye maji ya bomba, mifereji na mahali pa taka, wakawahamishia humo, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1986. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni wa vituo hivyo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Haikuwa kazi ya upole, na nchi ile ina mkono mzito ambao nisingependa uhamie hapa. Lakini mwuzaji aliyeondolewa barabarani alipewa mahali penye maji. Hapa kwetu wanaoisifu Singapore wanataka tuanzie 1986.

Rafiki huyo ana hoja moja ambayo siikwepi: barabara zimebanwa. Kuna avenyu kuelekea soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambako basi linapita kwa kusukumana na vikapu, na siku moja gari litakosa breki. Kweli kabisa. Basi liitwe suala la barabara, lijadiliwe kama la barabara, kwa kupima nafasi na kuwapa watu upande wa kukaa. Wakiliita usafi wanatafuta ruhusa ya kumwaga chakula cha mtu, kwa sababu hakuna anayethubutu kutetea uchafu hadharani.

Na mimi si mtetezi wa kila mwenye sufuria. Anayeosha sahani kwenye maji ya mtaro afungiwe siku hiyo hiyo, sitamwombea. Anayeuza samaki wa jana aliyekaangwa upya ili kuficha harufu, naye vilevile. Kama kuna robine inayotoka maji hatua ishirini kutoka kwake na bado hanawi, apigwe faini na risiti juu. Faini inakuwa na haki pale mtu alipoweza kufanya vizuri akakataa. Kumtoza mtu faini kwa kukosa maji ambayo hakuna aliyempelekea ni kumchukulia pesa tu.

Kinachowezekana mwaka huu, bila mkopo wa mtu yeyote, ni hiki. Kila mama anayeuza sokoni analipa tikiti asubuhi. Komini, yaani manispaa, ibandike ukutani, penye kivuli ili watu wasimame wasome, ni franka ngapi zilikusanywa mwezi uliopita na ni robine ngapi zilitengenezwa kwa franka hizo. Mkaguzi aje na kile kichupa, apime bido ya mama na robine ya komini mbele ya watu wote, na majibu ya vyote viwili yabandikwe hapo hapo. Wakianza hivyo nitakuwa wa kwanza kumwambia mwuzaji wangu aonyeshe karatasi zake. Kwa sasa naendelea kununua michopo kwake kila jioni. Namwomba tu asiniwekee kitunguu.