Nyumba ya mawe kisiwani: kununua kila mtu anataka, nani atalala humo?

Kila mwenye namba ya dalali kwenye simu yake hapa Dar es Salaam amewahi kuletewa tangazo la namna hii. Picha ya ukuta mnene uliobanduka lipu, mlango wa nakshi, mnazi pembeni, bahari kwa nyuma. Chini yake maneno machache: nyumba ya kale ya mawe, kisiwani, familia inauza, bei maelewano. Mara ni Chole au kwingineko Mafia, mara ni Kilwa. Watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema mwenye uwezo aiwahi kabla mwekezaji wa nje hajaigeuza hoteli. Na kuna wanaoona ni kichaa kuzika fedha kwenye gofu wakati viwanja vilivyopimwa Kigamboni na Mapinga bado vipo, na bei yake inapanda kila lami inaposogea.

Hawa wa pili wana hoja nzito kuliko wapenzi wa mambo ya kale wanavyotaka kukiri.

Tuanze na hati. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachopata ni haki ya kuitumia. Chole ni kijiji, kwa hiyo kinachotawala huko ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo mtu wa Sinza hawezi kumalizana na muuzaji barazani na kuondoka na funguo. Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie, tena inatakiwa kujua kama mgeni huyo ana nia ya kuishi au kufanya kazi kijijini. Sisi wa Dar tumezoea mkataba wa kugongewa muhuri serikali ya mtaa, mashahidi wawili, picha za pasipoti, biashara imekwisha. Mazoea hayo yakivushwa bahari yanazaa kesi.

Halafu, nyumba ni ya nani? Aliyeijenga ni babu wa babu. Warithi wako Kilindoni, Temeke, Unguja, pengine Maskati. Anayeuza mara nyingi ndiye mwenye funguo, na hilo halimfanyi kuwa mwenye nyumba. Kama mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa, sahihi yake ni ya mtu mmoja kati ya wengi. Liko pia swali ambalo madalali hawalipendi: je, nyumba iliwekwa wakfu? Wazee wengi wa pwani waliwawekea watoto na wajukuu wao nyumba kuwa wakfu kusudi isije kuuzwa. Mali ya wakfu haiuziki, hata kama warithi wote wameridhia.

Juu ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na hata jengo la baadaye linaweza kutangazwa kuwa la kulindwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Nyumba ya zamani ilikwisha kuwapo. Jiko jipya na ukuta wa uzio unaoupigia ramani ni habari nyingine.

Lakini kinachowashinda wengi si karatasi. Ni ukuta wenyewe.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, kuta zikiwa na unene wa karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe madogo, juu yake tena tabaka la chokaa lililopondwa hadi likashikana. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mkoko mnyoofu wenye nguvu hauvuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Mchwa hauwezi mkoko kirahisi. Adui wake ni maji. Chokaa ya paa ikipata ufa, mvua ya masika huingia kidogo kidogo, hushuka na ukuta, na kuozesha ncha ya boriti pale ilipozama ndani ya mawe, mahali jicho halifiki. Katikati ya chumba boriti inaonekana nzima, ukiigonga inaitika. Siku moja dari inashuka.

Hapo ndipo huitwa fundi, na fundi hufanya anachokijua: hupiga lipu ya saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, saruji inauziba. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi yake, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke, ikiondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba naye, kwa uchungu, anaongeza saruji. (Tangazo likisema "imekarabatiwa" na ukuta unang'aa kama nyumba mpya ya Mbezi, hiyo ni sababu ya kupunguza bei.) Na tusidhani ni tatizo la wasio na hela peke yao. Beit al Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, liko katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili.

Vifaa navyo vina ugomvi wao. Chokaa ya kale ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo. Mafia ilichimba matumbawe hai kwa miaka mingi, na uharibifu huo, pamoja na uvuvi wa baruti, ulichangia kuundwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ya kwanza nchini. Chole iko ndani ya hifadhi hiyo. Kwa maneno mengine, njia iliyoijenga nyumba ndiyo iliyopigwa marufuku, na sioni wa kulalamika, kwa sababu mvuvi wa Chole anahitaji mwamba wenye samaki kuliko mimi ninavyohitaji ukuta mzuri wa kupigia picha. Ukarabati wa halali unataka mawe ya nchi kavu, chokaa ya kununua, na kibali cha boriti. Vyote vipande kivuko Nyamisati, vishuke Kilindoni, viende kwa gari hadi Utende, vivushwe kwa mashua kwa kuangalia maji kujaa na kupwa. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, fundi anasubiri mzigo na mzigo unasubiri bahari. Kimbunga Hidaya, kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024, kiliwakumbusha watu kwamba hata mvua na upepo huko si vitu vya kubahatisha navyo.

Kama hoja ingekuwa faida, ningeishia hapa na kumpeleka kila mtu Kigamboni.

Kosa la wapinzani ni kuongea kana kwamba nyumba isiyonunuliwa itabaki ilivyo. Haibaki. Nenda Kilwa Kivinje, mji uliotajirika karne ya 19 kwa pembe za ndovu na biashara ya watumwa, kisha ukawa na boma la Wajerumani. Majumba yake ya mawe yameota miti kutani. Hakuna aliyeyabomoa, yaliachwa tu. Sasa linganisha na Boma la Kale hapa hapa mjini, pembeni mwa bandari, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Seyyid Majid. Mawe ni yale yale, chokaa ni ile ile, na upepo wa chumvi unalipiga mchana na usiku. Limesimama kwa sababu utawala mmoja ukiondoka mwingine uliingia na meza zake, hadi leo ambapo ni kituo cha urithi wa majengo ya jiji. Palipo na mtu, ufa huonekana wiki ulipotokea na ndoo moja ya chokaa inatosha. Pasipo na mtu, huonekana baada ya miaka mitano, na hapo inatakiwa dari nzima.

Kwa kipimo hicho, mnunuzi mbaya kuliko wote ni yule tunayemsifia zaidi: Mtanzania mwenzetu wa Dar anayenunua "kuokoa urithi", anafunga madirisha, anamwachia mlinzi ufunguo, na anarudi Idi na Desemba. Hoteli, pamoja na dhambi zake zote, walau inafungua madirisha kila asubuhi. Lakini tusikimbilie hoteli pia. Shela, kisiwani Lamu, wageni walinunua nyumba nyingi na kuzitengeneza kwa ustadi; nyumba zikapona, bei zikapanda, na wenyeji wengi hawana tena uwezo wa kununua kijijini kwao. Wala si haki sisi wa mjini kumwambia mjukuu wa Chole ashikilie gofu kwa ajili ya hisia zetu, ilhali yeye anataka injini ya boti na ada ya shule.

Ndiyo maana ningependa kuona watu wakipanga badala ya kununua. Mkataba wa maandishi wa miaka 15 au 20 na warithi wote, kijiji kikijua, sehemu ya kodi ikiwa ni ukarabati, na familia moja ya kisiwani ikiishi humo mwaka mzima. Mpangaji anawekewa vyumba vyake vya kufikia kila akienda kisiwani. Warithi wanabaki na nyumba. Hata penye wakfu njia hii haijafungwa, msimamizi wake akiridhia. Hasara zake ziko wazi: huwezi kuiweka rehani benki, huwezi kuiuza, na ukishaitengeneza ikapendeza, mrithi mmoja anaweza kuanza kuitamani kabla ya muda. Asiyeweza kuvumilia hayo alikuwa anatafuta kiwanja tangu mwanzo.

Anayesisitiza kununua aende kuiangalia Aprili, mvua ikinyesha, si Desemba. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji kabla ya dalali. Achokonoe kwa kisu ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, wala asihangaike na katikati. Kisha amuulize jirani ni lini mtu alipanda juu ya paa kupaka chokaa mara ya mwisho, na ni nani. Akijibiwa kwamba hakuna aliyepanda tangu mzee afariki, bei ya kwenye tangazo haina maana tena. Mazungumzo yaanze na gharama ya paa.