Jukwaa lifuate Ngome Kongwe, si Ngome ifuate jukwaa

Ngome Kongwe pale Forodhani, Zanzibar, ibaki kuwa ukumbi wa muziki. Isigeuzwe makumbusho ya kutazamwa kwa mbali, na wala isigeuzwe uwanja wa kusimamisha mitambo iliyobuniwa kwa ajili ya viwanja vya mpira. Muziki na mawe yale vinaweza kuishi pamoja miaka mingi, ila fundi anayeingia na spika zake ajue kwanza ameingia katika jengo la namna gani.

Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwisho wa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Ilikuwa kinga dhidi ya Wareno wasirudi, na dhidi ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Karne ya 19 ikawa jela na kambi ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kwa shughuli za reli ya Bububu, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikatengenezwa ikawa klabu ya wanawake, tenisi ikachezwa uani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikakaa bila kazi ya maana, hadi miaka ya 1990 lilipojengwa jukwaa la wazi lenye ngazi za mawe za kukalia. Tamasha la Nchi za Jahazi likaanza mwaka 1998, Sauti za Busara mwaka 2004, na tangu hapo ua ule umesikia taarabu, kidumbaki (taarabu ya mitaani yenye ngoma), dansi, na wageni wa kila pembe ya Afrika. Mwimbaji wa taarabu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ni miongoni mwa waliolifanya jukwaa hilo lijulikane mbali.

Kwa hiyo anayesema muziki umeivamia Ngome hajaisoma historia yake. Jengo hili limedumu kwa sababu kila zama ililipa kazi. Jirani yake, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya mwaka 1883, ilikuwa imefungiwa wageni miaka kadhaa kabla sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wakiwa kazini. Hatusemi muziki ungeliokoa. Tunasema jengo lenye watu kila wiki lina macho mengi ya kuona ufa ungali mdogo.

Tatizo ni namna tunavyolitumia, na tuanze na sauti, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ua uliozungukwa na kuta ndefu za mawe hauna tabia ya uwanja wa wazi. Juu hakuna paa, sauti inatoroka. Pembeni kuna mawe, sauti inarudi. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 30 kutoka kwa msikilizaji wa mbele, sauti inakwenda na kurudi mita 60, yaani inamfikia tena baada ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 170 hivi. Sikio huanza kutenganisha maneno na mwangwi wake kwenye milisekunde 50. Hapo ndipo mashairi ya taarabu yanapopotea, na fundi asiyejua sababu anaongeza sauti ya mwimbaji. Mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kilekile, hajapata kitu.

Dawa ni kuelekeza, si kuongeza. Spika zipandishwe juu kiasi cha kupita vichwa vya waliosimama mbele, kisha ziinamishwe ziwaangalie watu, zisiuangalie ukuta wa nyuma. Badala ya rundo kubwa moja jukwaani, weka spika ndogo za kusaidia katikati ya ua, nazo zicheleweshwe. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya mita kwa 0.349 upate milisekunde. Spika iliyo mita 20 kutoka jukwaani inacheleweshwa milisekunde 57, kisha ongeza 10 hivi ili sikio liamini kuwa sauti inatoka jukwaani kwa mwimbaji, haitoki kwenye nguzo iliyo karibu.

Besi ina ubishi wake. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa mita 7. Halijali kona wala pazia, linajikusanya pale kuta mbili zinapokutana. Ukisukumiza spika za besi kwenye kona utapata muungurumo mkubwa karibu na ukuta na besi hafifu katikati, na mji wote wa nyuma utatikisika. Ziweke katikati mbele ya jukwaa. Penye spika tatu zilizopandana, geuza moja iangalie nyuma, ipinduliwe mwelekeo wa mawimbi na icheleweshwe kama mtengenezaji alivyoelekeza. Besi inayokwenda nyuma hupungua sana. Watu wa Mji Mkongwe wanalala nyumba zilizobanana na Ngome, wana watoto na wagonjwa, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Kikundi cha taarabu kinahitaji uangalifu wa pekee. Kila ukizidisha maradufu idadi ya maiki zilizofunguliwa, unapoteza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi uliyonayo kabla ya spika kuanza kupiga mluzi. Wapigaji 20 kwa maiki 20 ni kutafuta balaa. Wapiga fidla wakae wawili wawili kwa maiki moja, na kwenye mixa sauti zote za chini ya hezi 150 zikatwe kwao, maana nota ya chini kabisa ya fidla ni hezi 196. Kwa kidumbaki, sanduku, yaani chombo cha kasha la mbao lenye uzi, ndilo lenye besi: usilikate, ila sogeza maiki karibu na tundu lake. Kanuni, chombo cha nyuzi kinacholazwa na kudonolewa, ina nyuzi zaidi ya 70, na daraja lake limekalia ngozi. Ngozi hiyo hunyonya unyevu wa bahari jua likizama, na nyuzi zinashuka. Anayetuni saa kumi alasiri juani atapanda jukwaani saa tatu usiku na chombo kingine kabisa. Ratiba impe mpiga kanuni robo saa ya kutuni baada ya magharibi, mahali penye kivuli na utulivu. Waandaaji hulikata hilo kwanza muda unapobana, na ni kosa.

Sasa kuta zenyewe. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: unyevu unaingia na kutoka. Anayetoboa tundu la skrubu kisha akaliziba kwa saruji ameweka kizibo. Maji na chumvi vinabaki ndani, vinatafuta njia pembeni ya kizibo, na jiwe linaanza kumomonyoka. Kwa hiyo hakuna kutoboa, hakuna kufunga kamba ya bango kwenye ukuta, hakuna kuegemeza fremu ya taa. Kila kitu kisimame kwa miguu yake na kishikiliwe kwa uzito. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja, linafika tupu na linaondoka tupu.

Uzito huo upigiwe hesabu. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma kila mita moja ya mraba ya kitambaa kwa nguvu ya kilo 25. Pazia la nyuma la mita 8 kwa 5 linabeba karibu tani nzima, kama tanga. Kasi ikipungua nusu, nguvu inapungua hadi robo. Tumia kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa, na awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kulishusha pazia bila kumuuliza mfadhili ambaye jina lake limeandikwa pale. Februari ni msimu wa kaskazi na Julai ni wa kusi. Miezi yote miwili kwa kawaida haina mvua kubwa, lakini ina upepo.

Jenereta likae nje ya kuta. Umeme wa taa na wa sauti utenganishwe toka mwanzo, la sivyo dima za taa (vifaa vya kupunguza mwanga) zitaleta mvumo kwenye spika. Ardhi ya matumbawe haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo moja ya ethi (ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) haitoshi: ziwe kadhaa, ziunganishwe, udongo wake umwagiliwe maji, na zipimwe kabla mwimbaji hajashika maiki ya chuma. Vichwa vya nyaya vifutwe kwa spiriti kila siku, maana chumvi ya Forodhani haichagui.

Lililobaki ndilo zito kuliko yote. Ngome ilijengwa ili watu wasiingie, na mlango unaozuia kuingia huzuia pia kutoka. Mwongozo wa Uingereza wa usalama viwanjani hukadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana wa njia tambarare. Mlango wa mita 2 hutoa watu 164 kwa dakika, kama 1,300 kwa dakika 8. Mlango huohuo ukiwa na meza ya mkata tiketi na kreti za soda, hesabu inavunjika. Tiketi ziuzwe kwa upana wa milango iliyo wazi kweli usiku huo, zisiuzwe kwa ukubwa wa ua.

Haya yote yaingie kwenye mkataba wa kukodi Ngome, kwa tarakimu: kikomo cha desibeli kwenye ukuta wa jirani, saa ya kuzima besi, kusimamisha mazoezi ya sauti adhana inapolia, marufuku ya kutoboa, idadi ya watu kwa kila mlango. Na sehemu ya kila tiketi iende kwenye chokaa na mafundi wa chokaa, hesabu yake ibandikwe langoni ili wananchi waisome.