Shem, tenki linapasuka!

Nani alisema kufuga samaki kunaleta utulivu? Nilikua na neon tetra, visamaki vidogo vya mapambo, kwenye tenki la kioo la lita 120, chini nimemwaga kokoto nyeupe za dukani, samaki wamepauka utadhani mitumba iliyosahaulika juani. Kumbe hawa jamaa asili yao ni huko Amazon, vijito vya maji ya rangi ya chai, chini majani yameoza tu, ukiwaweka juu ya kitu cheupe wanafifisha rangi yao ili wasionekane, ila ukiwapa sakafu nyeusi ule mstari wa bluu na ule mwekundu vinawaka. Udongo mweusi wa mimea ya majini unaagizwa nje, bei usiulize. Na hapa Arusha mchanga mweusi wa volkano tunajengea vyoo! Rundo zima lilikua nyuma ya nyumba, limebaki baada ya kujenga ukuta.

Nikaudondoshea siki kwanza, maana ukitoa mapovu una chokaa, utafanya maji yawe magumu. Kimya. Safi.

Kuuosha sasa. Ndoo juu ya ndoo maji yanatoka meusi tii, mpira uko wazi toka asubuhi, jirani akapita akauliza, "Baba, mchanga unaumwa?" nikajifanya sijasikia. Jioni maji yakakubali. Nikaweka kina cha sentimita 5, nikachomeka vidonge vya mbolea kwenye mizizi kwasababu mchanga wenyewe hauna chakula cha mimea, nikapanda mimea ya majini, valisneria nyuma, kriptokorini mbele. Neon wakakolea mpaka wife aliekua kaninunia akawa anakaa sebuleni makusudi.

Ndo akaja shemeji. Mdogo wake wife, yule wa "shem niachie mimi". Kaona mwani kwenye kioo, kachukua sumaku ya kusugulia, kipande kimoja ndani kingine nje, akaiteremsha mpaka ikagusa chini. Sasa mchanga wa volkano una chembe za madini ya chuma, sumaku ikaota ndevu, shem hajaziona, akapandisha. Krrrrr. Akashusha. Krrrrr.

Ulikua mkwaruzo tu. Ila shem alivyouona akapiga ukunga, "Shem, tenki linapasuka!" na kabla sijafungua mdomo kashachomoa tv yuko mlangoni nayo, wife kusikia linapasuka akabeba kapeti, watoto magodoro, mi napiga kelele jamani pitisheni kucha hapa muone, ni mkwaruzo, na shem ananijibu toka nje, "Lita 120 ni kilo 120 hizo shem, bado mchanga!" Hesabu alizozikimbia shule nzima zimemrudia siku hiyo. Jirani nae kaingia, hajauliza kitu, kashika kochi upande mmoja.

Mwenye nyumba anakaa nyumba ya pili. Akichungulia anaona tv, magodoro, kochi linatoka, giza linaingia, na kodi ya mwezi ule sisi tulikua bado bado. Mzee alifika na kandambili moja.

"Mnahama usiku?"

"Shikamoo mzee. Hapana, ni samaki."

"Samaki wanahama?"

Ikabidi nimuingize ndani ajionee. Hakukua na pa kukaa, akageuza ndoo akakalia. Akawaangalia neon, akaangalia majani, akasogeza uso mpaka miwani ikagonga kioo, nikaona hapa kashapoa, kodi itasubiri.

"Wazuri," akasema. "Huu mchanga si wangu ule wa ukuta?"

"Ndio mzee, kidogo tu."

"Nao unawekwa hivi hivi?"

"Unaoshwa kwanza."

Kimya. Mita ya maji pale ni moja kwa nyumba zote mbili.

"Unaoshwa kwa maji kiasi gani?"

Nilikua natafuta jibu la heshima, jirani akatangulia huku bado kashika kochi, "Mzee, mpira ulikua wazi toka asubuhi mpaka jioni, mi nilijua kuna msiba."